Supanova zinazong'aa kupita kiasi: nishati yote ile inatoka wapi?

Mwishoni mwa Februari 1987, mtu aliyekaa ufukweni Msimbati baada ya giza kuingia na kutazama kusini, upande wa Msumbiji, angeweza kuona kwa macho matupu nyota ambayo wiki moja kabla haikuonekana pale. Ilikuwa ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, lile doa la weupe hafifu ambalo sisi wa kusini tunaliona vizuri tukiwa mbali na taa za mji, na ambalo watu wa Ulaya hawalioni kabisa. Ian Shelton, aliyekuwa kazini katika kituo cha darubini cha Las Campanas nchini Chile, aliigundua usiku wa kuamkia tarehe 24 kwenye picha aliyokuwa ametoka kuipiga. Ikaitwa SN 1987A. Nyota yenye uzito wa karibu mara 20 ya Jua ilikuwa imelipuka, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka).

Hakuna supanova, yaani nyota iliyolipuka, iliyochunguzwa kwa karibu kuliko hiyo. Kwa mwanga, hata hivyo, haikuwa na ajabu. Ilikuwa hafifu kidogo kuliko wastani. Makala hii inahusu ndugu zake wachache mno, pungufu ya moja katika kila supanova elfu, ambazo hung'aa mara 10 hadi 100 kuliko zile za kawaida. Moja ya hizo ingelipuka palepale ilipolipuka ile ya 1987, nje kabisa ya galaksi yetu, basi ingeshindana na sayari ya Mshtarii kwa kung'aa, na tungeiona kutoka Lindi na Mtwara kwa miezi.

Wanafunzi wakisikia hivyo huwa na jibu tayari: "Sasa mwalimu, si mlipuko wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi?" Ni jibu la busara, na ndilo walilofikiria wataalamu wengi mwanzoni. Kwa sehemu kubwa halikusimama. Wingi wa mwanga na ukubwa wa mlipuko ni mambo mawili, na kuyatenganisha ndiko kunakotufikisha kwenye kiini cha fumbo hili.

Hesabu ya nishati

Vipimo vya nishati vinavyotumika kwenye fizikia vina sifuri nyingi mno kwa jambo hili, kwa hiyo nitatumia kipimo kingine: nishati yote ambayo Jua letu litatoa tangu lilipoanza kuwaka hadi litakapoishiwa, yaani kwa takribani miaka bilioni 10. Tuiite umri mmoja wa Jua.

Nyota kubwa inapofika mwisho, kiini chake huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo yaliyoshindiliwa mno. Kuporomoka huko huachia nishati ya zaidi ya umri 200 wa Jua. Karibu yote, asilimia 99, huondoka ikiwa nyutrino, chembe ndogo zinazopenya kila kitu bila kugusa. Mwaka 1987 mitambo iliyokuwa chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino zipatazo 25 kutoka SN 1987A, saa chache kabla nyota yenyewe haijaonekana iking'aa. Hizo 25 ndizo zilizothibitisha hesabu ninayoieleza hapa.

Kinachobaki, kama umri mmoja wa Jua hivi, hutumika kurusha matabaka ya nyota kwa kasi ya maelfu ya kilometa kwa sekunde. Na mwanga? Mwanga wote wa supanova ya kawaida, wiki baada ya wiki, ni kama sehemu moja tu ya mia ya huo umri mmoja. Tunachokiona angani ni makombo ya makombo.

Supanova inayong'aa kupita kiasi hutoa mwanga wa karibu umri mmoja mzima wa Jua katika miezi michache. Tazama ilipoangukia hesabu hiyo: ni sawa na nishati yote ya mwendo ya mlipuko wa kawaida. Kwa hiyo hatulazimiki kutafuta mlipuko wenye nguvu mara mia. Inatosha kupata njia ya kugeuza kuwa mwanga nishati ambayo kwa kawaida hupotea bila kuonekana.

Kuna sharti jingine, nalo ndilo linalosahaulika zaidi: wakati. Saa za mwanzo za mlipuko vifusi vya nyota huwa vizito na vimefunga, mwanga haupiti. Joto lililomo ndani linafanya kazi ya kuvitanua, na kadiri vinavyotanuka ndivyo vinavyopoa. Wiki kadhaa baadaye, vifusi vinapokuwa vimetawanyika kiasi cha kuruhusu mwanga kutoka, joto la mwanzo limeshatumika lote. Hivyo basi chochote kinachoifanya supanova ing'ae lazima kitoe joto kwa kuchelewa, siku na wiki baada ya mlipuko.

Kwenye supanova za kawaida kazi hiyo hufanywa na nikeli yenye mionzi inayozaliwa ndani ya mlipuko. Kila baada ya siku 6 hivi nusu yake hugeuka kobalti, na kobalti nayo hupungua nusu kila siku 77, ikigeuka chuma. Kila hatua huachia joto. Sehemu kubwa ya chuma kilichomo duniani, pamoja na cha panga unalofyekea chini ya mikorosho, ilipita njia hiyo ndani ya nyota zilizolipuka kabla Jua halijakuwepo. SN 1987A ilitengeneza nikeli ya asilimia 7 ya uzito wa Jua. Tunajua kwa sababu mwanga wake ulififia kwa mwendo uleule wa kobalti. Supanova za aina nyingine, zinazotokana na nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki nyota ndogo inapoishiwa, hutengeneza kama asilimia 60.

Kwa zile zinazong'aa kupita kiasi, nikeli ingehitajika ya uzito wa Jua kadhaa. Hapo hesabu inakwama. Nyingi ya hizo supanova huwaka na kufifia kwa mwendo unaoonyesha kwamba vifusi vyote vilivyorushwa, vya kila aina, havizidi sana uzito huo. Supanova haiwezi kuwa nikeli tupu. Na ukisoma mwanga wake kwa kuuchanganua rangi, chuma kingi kiasi hicho hakimo.

Darubini ndogo ya Texas

Kwa nini hatukuzijua mapema? Kwa miaka mingi waliotafuta supanova walielekeza darubini kwenye galaksi kubwa zilizojulikana, kwa hoja kwamba penye nyota nyingi ndipo penye vifo vingi. Robert Quimby, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Texas, alitumia darubini yenye kioo cha sentimeta 45 tu, iliyo kwenye kituo cha McDonald, kupiga picha maeneo mapana ya anga bila kuchagua galaksi. Machi 2005 akapata SN 2005ap, umbali wa miaka ya nuru bilioni 4.7. Septemba 2006 akapata SN 2006gy kwenye galaksi NGC 1260. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa ugunduzi mzuri zaidi wa miaka hiyo, kwa sababu haukutokana na chombo ghali. Ulitokana na kuacha kuchagua mapema pa kutazama.

Mwaka huohuo wa 2006 darubini ya Hubble iliona kitu kilichopanda mwangaza kwa siku kama 100, na rangi zake hazikufanana na chochote kilichojulikana. Miaka mitano ilipita kabla Quimby na wenzake hawajaonyesha, mwaka 2011, kwamba kitu hicho na SN 2005ap na vingine vipya ni familia moja. Zinazofanana nazo hazina haidrojeni kabisa. SN 2006gy, yenye haidrojeni, ikawekwa kwenye tawi la pili. Na zile zisizo na haidrojeni, karibu zote, zilikutwa kwenye galaksi ndogo na hafifu, zenye uhaba wa elementi nzito (zile zinazozidi haidrojeni na heli kwa uzito), zile zile ambazo watafutaji wa zamani waliziruka.

Umbali wa SN 2006gy, miaka ya nuru milioni 240, una maana ya pekee kwa mtu wa Lindi. Wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na ambao mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin, waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mwanga alioukamata Quimby ulikuwa umekwisha kusafiri miaka milioni 90 hivi walipokuwa wakitembea kwenye ardhi hii.

Mlipuko unaogonga kitu

Njia ya kwanza ya kupata mwanga mwingi ndiyo rahisi kueleweka kwa mtu wa pwani. Wimbi kubwa la bahari linaweza kusafiri maili na maili na usilitambue, mpaka linapofika kwenye mwamba wa matumbawe. Hapo nguvu yote iliyokuwa kwenye mwendo inageuka povu na mshindo. Vifusi vya nyota vikiruka katika anga tupu hubeba ule umri mmoja wa Jua kimyakimya. Vikikutana na ukuta wa gesi, vinapunguzwa kasi ghafla na nishati ya mwendo inageuka joto na mwanga. Na ukuta huo ukiwa mbali na nyota, tuseme mara mia ya umbali wa Dunia na Jua, mwanga hutoka kabla haujapotezwa na kutanuka. Sharti la wakati limetimia.

Ukuta unatoka wapi? Unatupwa na nyota yenyewe kabla ya kufa. Mfano tunao, tena tunauona kwa macho. Aprili na Mei, mvua zikianza kutuachia anga, tazama kusini saa mbili au tatu usiku, utafute Msalaba wa Kusini, kisha usogeze macho kulia kwake. Katika ukungu hafifu wa eneo hilo ipo Eta Carinae, nyota pacha iliyo umbali wa miaka ya nuru 7,500 hivi, na mkubwa kati ya hao pacha ana uzito wa karibu Jua 100. Katika miaka ya 1840 ilifura, ikawa nyota ya pili kwa kung'aa angani usiku, na manahodha waliokuwa wakipita Kilwa na Mikindani walikuwa nayo juu ya vichwa vyao. Katika kufura huko ilitupa gesi yenye uzito wa Jua 10 au zaidi, kisha ikatulia bila kufa. Leo inaonekana kwa shida. Nyota ya namna hiyo ikija kulipuka, ukuta umeshaandaliwa.

SN 2006gy ilisadikiwa hivyo tangu mwanzo, lakini kisa chake kina funzo kubwa kuliko nadharia. Mwaka 2007 baadhi ya watafiti walidhani kilicholipuka ni jitu la mara 150 ya Jua. Rangi za mwanga uliorekodiwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mlipuko zilikuwa na alama ambazo hakuna aliyeweza kuzitambua, zikabaki hivyo kwa muongo mzima. Mwaka 2020 Anders Jerkstrand, Keiichi Maeda na Koji Kawabata walionyesha kwamba ni alama za chuma, tena chuma cha angalau theluthi moja ya uzito wa Jua. Kiasi hicho ndicho kinachotoka nyota kibete nyeupe inapolipuka. Picha waliyoijenga ni ya kibete kilichozama ndani ya nyota mwenza, kikazunguka kuelekea katikati huku tabaka la nje la mwenza likitupwa mbali, kisha kikalipuka na kuligonga lile tabaka. Jitu halikuhitajika. Mlipuko wa ukubwa wa kawaida ulikutana na ukuta, basi.

Nyota zinazojiangusha kwa mwanga wao

Njia ya pili ndiyo iliyotabiriwa mapema kuliko zote, tangu miaka ya 1960. Nyota yenye uzito kati ya mara 140 na 260 ya Jua huwa na joto kali mno katikati, kiasi kwamba miale ya gama, ambayo ndiyo inayosukuma kuelekea nje na kuizuia nyota isiporomoke, inaanza kugeuka kuwa jozi za elektroni na positroni, yaani chembe kama elektroni zenye chaji ya kinyume. Msukumo unapungua, nyota inajibana, oksijeni inawaka yote kwa mkupuo, na nyota nzima inasambaratika bila kuacha hata kaburi: hakuna nyota ya nyutroni, hakuna shimo jeusi. Huo kweli ni mlipuko mkubwa, na unaweza kutengeneza nikeli ya uzito wa Jua kadhaa. SN 2007bi, iliyofafanuliwa mwaka 2009 na Avishay Gal-Yam na wenzake, ilipendekezwa kuwa mfano halisi, na bado inabishaniwa. Supanova za namna hii zinapaswa kupanda polepole na kufifia polepole, na nyingi tulizonazo zina haraka kuliko hivyo.

Nyota zenye uzito pungufu kidogo hujibana na kufura mara kwa mara bila kufa, zikitupa tabaka baada ya tabaka. Tabaka la nyuma likilifikia la mbele, tumerudi kwenye wimbi na mwamba.

Injini iliyobaki ndani

Kwa supanova zisizo na haidrojeni, njia ya tatu ndiyo inayoongoza sasa, na mimi naona inastahili. Mwaka 2010 Daniel Kasen na Lars Bildsten, na Stan Woosley kwa upande wake, walionyesha kwamba nyota ya nyutroni inayobaki baada ya mlipuko inaweza yenyewe kuwa chanzo cha joto, ikiwa imezaliwa ikizunguka kwa kasi na ikiwa na usumaku mkali. Nyota kama hiyo huitwa magneta. Ina uzito unaozidi wa Jua, lakini kutoka katikati hadi ukingo ni kilometa kama 10 au 12, yaani karibu umbali wa kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani. Usumaku wake ni zaidi ya mara trilioni 100 ya ule unaogeuza sindano ya dira.

Ikizunguka mara 300 kwa sekunde, magneta huwa na akiba ya nishati ya karibu umri miwili wa Jua katika mzunguko wake peke yake. Sumaku inayozunguka hutoa nishati nje, na kwa kufanya hivyo inapunguza kasi. Nishati hiyo inapiga vifusi kutoka ndani na kuvipasha joto upya baada ya joto la kwanza kwisha.

Sharti la wakati ndilo linaloipa nadharia hii uzuri wake. Usumaku ukizidi, magneta humaliza akiba yake katika dakika au saa za kwanza, na nishati yote huishia kuongeza kasi ya vifusi. Kwa nje huoni kitu. Usumaku ukipungua mno, akiba hutoka kidogokidogo kwa miaka na supanova inabaki ya kawaida. Katikati ya hapo, akiba inapotoka kwa siku na wiki, muda uleule vifusi vinapoanza kupitisha mwanga, ndipo tunapopata kitu cha ajabu. Hii inaeleza pia kwa nini ni adimu.

Inaeleza hata zile galaksi ndogo. Elementi nzito kwenye uso wa nyota hukamata mwanga na kuvuta upepo mkali unaobeba gesi, na gesi hiyo huondoka na sehemu ya mzunguko. Penye elementi nzito chache, nyota hubaki na mzunguko wake mpaka siku ya mwisho. Lakini hapa sitaki kulainisha mambo: mwaka 2017 ilipatikana SN 2017egm, isiyo na haidrojeni, ndani ya NGC 3191, galaksi kubwa yenye elementi nzito nyingi kama mtaa wetu wa galaksi. Mazingira yanasaidia, hayaamui.

Ushahidi mwingine nao una pande mbili. SN 2015bn ilifuatiliwa na Hubble kwa zaidi ya siku 1,000, na badala ya kufifia kwa mwendo wa kobalti ilipunguza mwendo wa kufifia, kama magneta inavyotakiwa kufanya. Watafiti walipotafuta eksirei kutoka hapohapo, hawakuziona, ingawa sehemu ya nishati ya injini ilitarajiwa kuvuja kwa njia hiyo. Tena supanova nyingi za aina hii hazififii kwa ulaini. Grafu ya mwanga wake ina matuta, inapanda kidogo na kushuka. Magneta pekee, kwa maelezo yake rahisi, haitoi matuta. Kugonga tabaka za gesi kunatoa. Sioni sababu ya kulazimisha kila supanova iwe na chanzo kimoja. Injini ndani na ukuta nje vinaweza kuwepo kwenye nyota moja.

Na kuna wakati ambapo hata neno supanova linatiliwa shaka. ASASSN-15lh, iliyogunduliwa Juni 2015, ilitangazwa kuwa yenye mwanga wa Jua bilioni 570, kubwa kuliko zote. Mwaka uliofuata Giorgos Leloudas na wenzake walieleza kwamba huenda ni nyota iliyochanwa na shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi, kwa sababu galaksi yenyewe ni kubwa, ya zamani, na mahali palipong'aa ni katikati yake. Mabishano hayajaisha, ila mimi nisingeihesabu tena pamoja na hizi nyingine.

Kitu kitakachoamua kati ya injini na ukuta ni subira. Vifusi vinaendelea kutanuka, na baada ya miaka kadhaa mawimbi ya redio yanaweza kupenya. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba palipolipuka PTF10hgi, supanova ya mwaka 2010, pana chanzo cha redio kilichoonekana miaka 7 na nusu baada ya mlipuko. Magneta inaweza kufanya hivyo, na vitu vingine pia vinaweza. Wakati huohuo, darubini ya Vera C. Rubin huko Chile, yenye kioo cha mita 8.4, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025 na imepangiwa kupiga picha anga lote la kusini, anga letu hili, tena na tena kwa miaka 10. Itakapokusanya supanova hizi nyingi, kila moja ikiwa na grafu yake kamili tangu siku za mwanzo, watafiti wataweza kuzipanga kwa matuta, kwa galaksi na kwa mwendo wa kufifia, kisha kurudi kwa darubini za redio kwenye kila moja miaka 5 na 10 baadaye, kuona kama mahali pale kuna kitu bado kinatoa nishati.